Dawa imetoka tena: kutafuta kosa kwenye kizibo kilichoshikwa kwa bondi

Mama mmoja wa makamo aliingia na leso mkononi, imefungwa fundo kama watu wanavyofunga nauli. Akalifungua taratibu juu ya meza. Ndani kulikuwa na kizibo cha kompoziti, ile plastiki (resini) ya rangi ya jino inayogandishwa kwa taa, kizima, hata ufa hakina. "Daktari mwanangu, dawa imetoka. Na nilikuwa nakula wali tu." Kilikaa miaka miwili na miezi kadhaa shingoni mwa jino la chonge la juu. Aliyekiweka ni mimi.

Kizibo kikirudi mezani namna hiyo, wengi wetu hukimbilia kulaumu chupa ya bondi, ile gundi ya resini inayoshikisha kompoziti kwenye jino: bondi ya siku hizi feki, mzigo ulikaa juani bandarini, muuzaji katudanganya. Huenda ni kweli. Lakini chupa ile ile ndiyo iliyoziba magego ya watu wengine ambao bado wanatafuna mahindi ya kuchoma bila shida. Kabla ya kununua nyingine, yapo maswali ya kujibu, na la kwanza ni dogo: kilikaa muda gani?

Umri wa kizibo ndio ushahidi wa kwanza. Kilichoanza kusumbua siku ile ile kina sababu zake, kilichotoka wiki ya pili kina zake, na kilichodondoka mwaka wa tatu kina zake. Tukizichanganya, tunajikuta tunatibu kosa la taa kwa dawa ya kuzuia vimeng'enya, zile protini za mwili zinazokata vitu vingine, ambazo nitazifikia.

La pili, kama mgonjwa amekuja nacho, kigeuze. Tazama mgongo wake kwa lenzi, kisha tazama shimo kilikotoka. Ukiona bondi imebaki kwenye jino, inang'aa kama rangi ya kucha, basi jino lilishika vizuri na kilichoachia ni kompoziti juu ya bondi. Hapo kuna kitu kiliingia katikati: mate, damu, mafuta, kidole cha glovu. Ukiona mgongo umebeba bondi yote na dentini, tabaka la jino lililo chini ya enameli ngumu ya nje, imebaki tupu, kosa liko chini, kati ya bondi na dentini. Na kizibo kikiwa kimevunjika, nusu ndani nusu nje, usihangaike na bondi. Angalia meno yanavyokutana, na unene wa kompoziti yenyewe.

Cha mama yule kilikuwa cha aina ya kati. Nitamrudia.

"Tangu uzibe, linasisimka"

Hili si la vimeng'enya. Vimeng'enya havina haraka hiyo.

Anza na jambo rahisi kuliko yote, kimo cha kizibo. Weka karatasi ya rangi, mwambie aume, apeleke taya kulia na kushoto. Maumivu ya kung'ata peke yake mara nyingi huishia hapo, ukisaga kidogo mgonjwa anatabasamu.

Kama kinachomsumbua ni maji baridi, fikiria vijifereji vya dentini. Kila kimoja kina majimaji, na majimaji hayo yakivutwa au kusukumwa, neva zilizo kwenye kiini cha jino hupata habari. Karibu na kiini vijifereji ni vingi na vipana zaidi kuliko pale dentini inapokutana na enameli, ndiyo maana shimo refu husumbua kuliko fupi. Umepaka asidi, ukavifungua vyote, halafu ukakausha kwa hewa mpaka dentini ikawa nyeupe kama chaki. Nyuzi za kolajeni, protini iliyojenga dentini, zimelala chini kama majani ya mgomba yaliyopigwa na upepo, bondi haikupata pa kupenya, na vijifereji vimebaki wazi chini ya kizibo kizuri. Au ulijaza kompoziti yote kwa mkupuo, ikasinyaa ilipoganda, ikajibandua sakafuni.

Dentini ya kupakwa bondi baada ya kuosha asidi inatakiwa ing'ae bila kuwa na dimbwi. Mimi huacha hewa, hugusa kwa kipande cha pamba iliyobanwa, basi.

"Kimetoka ndani ya mwezi"

Hapa tafuta uchafu na taa, kwa mpangilio huo.

Mate ya mgonjwa hayahitaji mwaliko. Kile kitambaa cha mpira tunachokiita raba damu (mgonjwa akilisikia jina anauliza damu ipi) kipo kwenye kabati za kliniki nyingi, na kwenye kabati ndiko kinakozeekea. Kama hukitumii, angalau badilisha pamba kabla hazijalowa, na usipake bondi huku msaidizi ameenda kuita namba inayofuata. Ufizi ukitoa damu, dawa za kuzuia damu zenye chuma huacha mabaki yanayoharibu mshiko, kwa hiyo yasafishe yote kwanza.

Kuna kosa moja ambalo watu hawalioni kwa sababu halionekani. Chukua kioo cha mdomoni kilicho safi na kikavu, kielekezee bomba la hewa, puliza sekunde 5. Kitazame kwa pembeni, mwangani. Ukiona ukungu au vidoa vya mafuta, kompresa yako inapaka mafuta kwenye kila jino unaloziba. Nimewahi kuona kituo kilichobadilisha aina tatu za bondi kabla ya mtu kufungua kile kikombe cha kuchuja maji kwenye kompresa. Kilikuwa kimejaa.

Halafu kuna karafuu. Dawa ya muda ya zinki na mafuta ya karafuu ina yujenoli, na yujenoli huzuia resini isigande sawasawa. Vilevile wagonjwa wetu wengi hawaji mpaka wamejitibu kwanza: karafuu nzima imesukumwa kwenye shimo, imekaa humo siku tatu. Inatuliza maumivu kweli, Pemba haikusifiwa bure, ila kwa bondi ni adui. Chimba mpaka kwenye dentini mpya, safisha, na kama shimo limelowa mafuta yale kwa muda mrefu, weka dawa ya muda isiyo na yujenoli na umalizie siku nyingine. Jino lililosafishwa mizizi kwa klorini lina shida inayofanana na hiyo: oksijeni iliyobaki ndani ya dentini huzuia bondi kuganda. Askobati ya sodiamu ya asilimia 10 huirudisha hali vizuri. Na aliyetoka kung'arishwa meno kwa peroksidi asubiri wiki moja au mbili kabla ya kuzibwa.

Ukimaliza uchafu, nenda kwenye taa. Bondi na kompoziti nyingi zina kamforokwinoni, inayoamshwa na mwanga wa buluu wa karibu nanomita 470. Taa inaweza kuwaka buluu nzuri tu na isiwe na nguvu ya kugandisha chochote chini ya milimita 1: betri imechoka, ncha imegandiwa na kompoziti ya mwaka juzi, au msaidizi ameishika kwa mshazari kwa sababu naye ana shingo. Kama huna mita ya kupimia, kata kipande cha mrija wa soda chenye urefu wa milimita 8 hivi, kijaze kompoziti, kisimamishe juu ya kipande cha kioo, kipige taa kwa juu sekunde 20. Pasua mrija, kwangua kwa spatula ile sehemu iliyobaki laini upande wa chini. Pima kilichobaki kigumu, kisha gawanya kwa mbili. Hicho ndicho kina unachoweza kukiamini. Kipimo rasmi hutumia kiumbo cha chuma, lakini mrija ukiurudia kila mwezi kwa kompoziti ile ile utakuambia taa inapozeeka. Ukipata chini ya milimita 2, usiseme tena kuhusu bondi.

"Kilikaa vizuri, mwaka wa pili au wa tatu kikadondoka chenyewe"

Huyu ndiye mama wa leso. Hapakuwa na mate, kwa sababu mate yangekiangusha mapema. Taa haikuwa na kosa, kompoziti ilikuwa ngumu. Jino halikuoza. Kizibo kilishika, kikashika, halafu kikaachia. Kuna kitu kilichokuwa kinakula polepole huko chini.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1955 daktari wa meno Michael Buonocore alipaka enameli asidi ya fosforiki ya asilimia 85 kwa sekunde 30 na kuonyesha kwamba resini hung'ang'ania vizuri zaidi. Enameli karibu yote ni madini. Asidi huichimba vijishimo, resini huingia, huganda, na mshiko huo hudumu miaka mingi. Dentini ni habari nyingine. Kwa uzito, kama asilimia 70 ni madini, 20 ni vitu hai, 10 ni maji. Na katika vile vitu hai, karibu asilimia 90 ni kolajeni ya aina ya kwanza. Ukipaka asidi, madini yanaondoka, yanabaki maji na wavu wa nyuzi. Mwaka 1982 Nobuo Nakabayashi na wenzake huko Japani walieleza tabaka linalopatikana resini ikipenya kwenye wavu huo na kugandia humo. Ni tabaka mseto, nusu jino nusu resini. Fundi wa ujenzi ataelewa mara moja: kolajeni ni nondo, resini ni zege.

Tatizo ni kwamba zege halifiki mpaka chini. Asidi huchimba maikromita kadhaa, na bondi hufuata nyuma yake bila kufika kote asidi ilikofika. Pale chini hubaki ukanda mwembamba wa nondo zilizo uchi, zimezungukwa na maji. Kila fundi anajua nondo iliyo uchi kwenye maji inaishia wapi.

Kwa miaka mingi tuliamini kwamba kinachokula ni bakteria au maji yanayopenya kutoka nje. Mwaka 2004 kundi la mtafiti David Pashley lilitoa matokeo yaliyogeuza swali. Walichukua dentini iliyoondolewa madini, bila bakteria wowote, wakaihifadhi kwenye mate ya kutengeneza maabara. Baada ya siku 250 kolajeni ilikuwa karibu imekwisha. Ile iliyohifadhiwa pamoja na dawa za kuzuia vimeng'enya ilibaki. Na ile iliyohifadhiwa kwenye mafuta ya madini, mahali pasipo na maji, nayo ilibaki. Mlaji hakuwa ametoka nje. Alikuwa ndani ya dentini tangu jino linaumbwa.

Jina lake ni metaloproteinesi, vitabuni huandikwa MMP. Jino linapojengwa, seli za dentini hutoa vimeng'enya hivi kwa kazi halali ya kupanga kolajeni. Kazi ikiisha, vinabaki vimefungiwa ndani ya madini, vimelala. Kila kimoja kina chembe ya zinki moyoni na kinahitaji kalsiamu ili kisimame imara. Asidi yetu huondoa madini yaliyovifungia. Asidi kali hulemaza baadhi, lakini monoma (vijenzi vidogo vya resini) zenye tindikali za bondi inayofuata huviamsha upya. Kwa maneno mengine, mwizi ni wa nyumbani na sisi ndio tuliomfungulia mlango.

Namna vinavyokula inafaa kuijua. Uzi wa kolajeni ni kama kamba ya katani: nyuzi tatu zimesokotwa pamoja, na zikiwa zimesokotwa hivyo vimeng'enya vingi haviwezi kuzigusa. MMP-8 huweza. Huikata kamba mahali pamoja, karibu robo kutoka upande mmoja. Ikishakatwa, ncha zinafumuka, na hapo MMP-2 na MMP-9 hufuata kumalizia nyuzi zilizofumuka. Kuna pia kundi jingine, katepsini, hasa katepsini K, nalo lina kazi ya namna hiyo hiyo. Dentini iliyoguswa na uozo ina vimeng'enya vinavyofanya kazi zaidi kuliko dentini nzima, na tindikali ya bakteria ndiyo inayoviamsha. Kwa hiyo mahali tunapobandikia mara nyingi, juu ya dentini iliyobakizwa baada ya kukwangua uozo, ndipo penye njaa kubwa.

Vimeng'enya hivi hukata kwa kutumia maji. Bila maji havifanyi kitu, ule mfano wa mafuta unaonyesha. Kwa hiyo ili kizibo kidondoke kwa njia hii vinahitajika vitu vitatu: kolajeni uchi, maji, na muda. Muda hatuna mamlaka nao. Viwili vya kwanza tunavyo mikononi.

Kupunguza uchi na maji

Asidi ya asilimia 37 kwenye dentini haifai kuzidi sekunde 15. Nasema hivi nikijua kwamba sindano ya jeli ya asidi ikishawekwa, simu inalia, au mgonjwa anataka kutema, na sekunde 15 zinakuwa 40. Kila sekunde ya ziada unachimba chini zaidi ya bondi itakapofika, yaani unaongeza nondo uchi. Enameli inavumilia 30 bila shida. Kwa hiyo anza jeli kwenye enameli, dentini iwe ya mwisho, na hesabu kwa sauti. Mgonjwa hatashangaa, ameona mengi.

Afadhali zaidi, usiipake dentini asidi kabisa. Ukiwa na bondi inayojichomea yenyewe, ya tindikali hafifu, paka asidi kwenye ukingo wa enameli tu, osha, kausha, kisha bondi kote. Monoma ya MDP iliyomo kwenye bondi nyingi za siku hizi hushikana na kalsiamu ya jino, na kwa kuwa madini mengi yamebaki yakizunguka kolajeni, vimeng'enya havina pa kupenyeza mkono. Kwangu hili ndilo badiliko moja lenye thamani kuliko chupa yoyote ya nyongeza.

Namna ya kupaka ni nusu ya kazi. Kibrashi kisuguliwe sekunde 20, si kupitishwa kama mtu anayepaka rangi ukuta wa jirani. Kisha puliza hewa polepole, baadaye kwa nguvu, mpaka utando uache kutembea. Kinachotembea ni maji na kiyeyushi. Ukipiga taa bado vinatembea, umevifungia ndani. HEMA, monoma iliyomo kwenye bondi nyingi, hupenda maji hata baada ya kuganda, na bondi za chupa moja zilizogandishwa hupitisha maji kutoka kwenye dentini kama gunia. Ndiyo maana tabaka la pili la resini isiyopenda maji juu ya lile la kwanza, kabla ya kompoziti, hurefusha maisha. Ni dakika moja ya ziada.

Sasa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu ambayo pia huzuia MMP, maana najua ndiyo iliyowaleta wengi hapa. Inashika zinki na kalsiamu ambazo MMP inazitegemea, na kimeng'enya kinasimama. Hupakwa baada ya kuosha asidi, ya asilimia 2, sekunde 30 hadi 60, kisha unanyonya ziada kwa pamba bila kuosha, halafu bondi. Ile ya kusukutua, ya rangi na ladha ya mnanaa, iache kwenye duka la dawa. Mtafiti Carrilho na wenzake walionyesha mwaka 2007, kwa meno ya wagonjwa yaliyong'olewa baada ya miezi 14, kwamba upande wenye klorheksidini ulihifadhi nguvu ya mshiko huku upande wa pili ukiipoteza.

Hata hivyo klorheksidini haifungamani na dentini kwa kudumu. Hushikilia kwa chaji tu, na baada ya muda hutoka. Majaribio ya vizibo vya shingoni midomoni mwa watu, yaliyofuatiliwa miaka miwili na mitatu, kwa jumla hayakuona tofauti ya maana kati ya waliopakwa na wasiopakwa. Kwa hiyo msimamo wangu: ukiwa unatumia asidi kwenye dentini na klorheksidini ipo, paka, haina madhara. Lakini usiitumie kama msamaha wa dentini iliyoachwa na jeli sekunde 40. Baadhi ya jeli za asidi zimechanganywa benzalkoni kloridi kwa kazi ile ile, hizo hazikuongezei hatua. Dawa ya kutuliza msisimko wa dentini yenye glutaraldehidi asilimia 5 na HEMA asilimia 35 nayo hukaza nyuzi za kolajeni na kuvitia vimeng'enya ganzi, ila isiguse ufizi. Kuna watafiti wanaotumia mbegu za zabibu kukaza nyuzi, na wengine wanaoondoa maji kwa mizunguko ya ethanoli. Maabara ni nzuri. Kwa mwenye foleni ya wagonjwa arobaini koridoni, sioni.

Na wakati mwingine jibu ni kutotumia bondi. Shingoni mwa jino, pasipo na enameli upande wa chini na ufizi unalia, glasi ayonoma, saruji ya kuzibia meno, hushikana na madini yenyewe bila kuacha wavu uchi. Si nzuri kama kompoziti kwa sura, ila kwenye mashimo ya shingo hukaa. Tanzania haina sababu ya kuidharau: njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono, bila mashine, ambayo siku hizi hutumia glasi ayonoma, ilianzia hapa katikati ya miaka ya 1980 kabla dunia haijaichukua.

Mstari wa kahawia ukingoni

Mstari ukiwa kwenye enameli tu, na sondi, kile kijichuma chenye ncha cha kupimia, haizami, mara nyingi ni chai na muda. Sugua, ng'arisha, mwachie. Usichimbe kizibo kizima kwa sababu ya rangi.

Ukiwa upande wa ufizi, sondi inazama, hapo vimeng'enya vya pande mbili vimekutana. Vya ndani vinakula kolajeni. Vya nje, esterasi za kwenye mate, hukata viungo vya resini yenyewe, na Streptococcus mutans, bakteria wa uozo wa meno, ana esterasi zake. Pengo likipatikana, bakteria huingia, hutoa tindikali, tindikali huamsha MMP zaidi. Kinachoonekana kama uozo mpya ni matokeo ya mzunguko huo. Ondoa, na safari hii jiulize kama ukingo ule ungeweza kuletwa juu kidogo, kwenye enameli.

Meno yenye madoa ya floraidi

Mgonjwa aliyekulia Arumeru, au upande wa Nakuru huko Kenya, au kokote kwenye Bonde la Ufa ambako maji ya kisima yana floraidi nyingi, huja na kizibo cha mbele kilichomeguka ukingoni mapema. Hapo kosa liko kwenye enameli, vimeng'enya havihusiki. Tabaka la nje limejaa floraidi na hustahimili asidi, sekunde 30 zinapita juu yake. Kwangua kidogo tabaka la juu kwa drili, au ongeza muda wa asidi kwenye enameli peke yake mpaka uone weupe wa barafu. Usipouona, usiendelee.

Chupa, sasa ndiyo

Bondi yenye asetoni ikiachwa wazi dakika chache kwenye joto la Dar au Mombasa, kiyeyushi kinaruka na kinachobaki ni uji usiopenya. Dondosha unapohitaji, funga, kisha endelea. Ikitoka kwenye friji, iache ipate joto la chumba kwanza. Tone likitoka linavutika kama asali, chupa hiyo imekufa hata kama tarehe bado.

Mama wa leso nilimwona tena juma lililofuata. Dentini ya shingoni ilikuwa ngumu, inang'aa, ya kahawia, ile ya mtu anayepiga mswaki kwa nguvu miaka thelathini. Niliikwangua juu juu kwa drili, nikarudisha ufizi kwa uzi, asidi kwenye enameli ya juu tu, bondi yenye MDP ikasuguliwa sekunde 20, tabaka la pili, kisha kompoziti. Akaniuliza safari hii nimefanya nini tofauti. Nikafungua faili lake la mara ya kwanza nitazame. Kulikuwa na tarehe, sahihi yangu, na neno moja: kompoziti. Bondi gani, namba ya toleo, chupa ilifunguliwa lini, asidi sekunde ngapi na ilipakwa wapi, hakuna. Nikayaandika yote ya siku ile, mstari kwa mstari, naye amekaa ananingoja.